Tareti ya mkia ya ndege ya mabomu imeletwa karakana yangu, nianzie wapi?

fundi_kariobangi

Wasee habari zenu, natafuta mtu anayejua mambo ya ndege za zamani. Mimi ni fundi wa lethi na kuchomelea hapa Kariobangi Light Industries, kazi yangu ya kila siku ni shafti, puli, mageti na vyuma vya posho mill. Sasa kuna mzee mmoja wa Karen anakusanya vitu vya kale, aliagiza kitu kutoka Uingereza kikaja na kontena mpaka Mombasa halafu kikaletwa kwangu na lori. Ni tareti ya ndege ya mabomu ya Vita vya Pili, yaani kile kibanda cha vioo alichokuwa anakaa mpiga bunduki kule mkiani. Bunduki hazipo hata moja lakini nafasi zake ni nne, mbili kila upande. Kuna kibamba kidogo kimeandikwa Frazer-Nash, namba imefutika nusu.

Hali yake ni hivi. Fremu ni aluminiamu, juu iko sawa lakini chini pale maji yalikuwa yanasimama imetoa unga mweupe na ukigusa na kucha inabanduka tabaka kwa tabaka. Ringi ya kuzungukia imekwama, tumesukuma na vijana wa karakana wapi. Perspeksi nyingi, yaani ile plastiki ngavu ya vioo vyake, zimevunjika, zilizobaki zimekuwa manjano na zina nyufa ndogo ndogo huwezi ona ng'ambo. Mabomba ya haidroliki yamekatwa. Na nati zake zinanisumbua sana, spana ya 13 haiingii, ya 14 inacheza, na sitaki kuzila vichwa.

Mzee anataka ing'ae kama imetoka kiwandani jana na ikiwezekana izunguke, juu anataka kuiweka mahali watoto wa shule watakuja kuiona. Mwenzangu hapa anasema tuipeleke Industrial Area ipigwe mchanga wa presha, siku moja iko safi tunapaka rangi tumemaliza. Mimi roho inakataa. Hapa ndani mtu alikaa usiku kucha bila kujua kama ataona asubuhi, siwezi kuifanyia kazi ya geti. Mwenye anajua anieleze nianzie wapi na nini nisiguse.

ribiti_wilson

Umefanya vizuri sana kuuliza kabla ya kushika grainda. Mimi ni fundi wa ndege pale Wilson, kazi yangu ni bati na ribiti, na hizi tareti nimezifuatilia kwa miaka kwa mapenzi tu.

Mkia, bunduki nne na jina Frazer-Nash, hapo fikiria kwanza FN20, ile iliyokuwa mkiani mwa Lancaster, ndege kubwa ya mabomu ya Waingereza. Ilitokana na FN4 ya kabla yake, na baadaye ikaja FN120. Ingekuwa ni nafasi mbili tu ungefikiria FN5, hio ilikaa puani mwa Lancaster na pia kwa Wellington mbele na nyuma. Nyingi zilitoka kwa Parnall pale Yate karibu na Bristol, kiwanda ambacho Wajerumani walikipiga mabomu Februari 1941 wafanyakazi wengi wakafia ndani. Kwa hivyo usiende na kibamba kimoja tu, tafuta namba kwa kila kipande. Vipande vya Waingereza vya wakati ule vina mihuri midogo, utaona taji na herufi AM (Air Ministry, wizara yao ya ndege), utaona mihuri ya wakaguzi, mingine imepigwa kwa rangi tu na hio rangi ndio inatoka ukisugua kwa haraka.

Sasa mchanga wa presha. Hapana kabisa, hata kama mzee ndiye analipa. Bati nyingi za ndege za enzi hizo ni aloi ngumu iliyofunikwa pande zote mbili na tabaka jembamba la aluminiamu safi, na hilo tabaka ndilo linalozuia isioze. Mchanga unalila lote kwa dakika chache, bati linabaki uchi na linajikunja, na mihuri yote imeenda. Utakuwa na kitu kinang'aa ambacho hakuna mtu duniani anaweza kukuambia kilikuwa nini. Piga picha kila upande, kila kona, kila waya unaingia wapi, kabla hujafungua nati ya kwanza. Kila kipande mfuko wake na karatasi yake. Uchafu toa na maji ya uvuguvugu, sabuni laini na brashi ya nailoni. Brashi ya waya wa chuma weka mbali, inaacha chembe za chuma ndani ya aluminiamu na hapo unaanzisha kuoza upya.

Huo unga unaobanduka tabaka kwa tabaka ndio ugonjwa mbaya. Aluminiamu imeoza kutoka ndani kwenda nje, huwezi kuipiga msasa mpaka ipone kwa sababu nguvu zake zimeisha. Angalia vizuri utakuta umeanzia pale bolti ya chuma imepita kwenye aluminiamu na maji yakasimama hapo. Hapo una njia mbili. Unakata mpaka ufike kwenye bati zima halafu unaweka kiraka cha unene ule ule na ribiti za aina ile ile, au kwa sababu haitaruka tena unasafisha, unakausha, unazuia hewa na maji na unaacha kidonda kionekane. Mimi kwa sehemu zinazobeba uzito nakata, kwa zingine naacha.

Na wewe kama mtu wa kuchomelea sikiza hii vizuri. Bolti na nati nyingi za ndege zimepakwa kadimiamu. Usizipashe moto na gesi ndio zilegee, moshi wa kadimiamu unaharibu mapafu na unaweza kuua. Ile praima ya kijani manjano chini ya rangi nayo ni kromati, inaleta kansa, usiipige msasa mkavu hata siku moja. Lowesha, vaa barakoa ya vichujio sio ya kitambaa, vumbi lake lisifike kwa chakula cha vijana. Halafu kuna vipande vyepesi kuliko kawaida, vya kijivu, hivyo vinaweza kuwa magnesiamu na cheche za grainda zitaviwasha na maji hayatazima.

Spana: hizo ni BSF, na zile nati ndogo kabisa za umeme ni BA, vyote ni vipimo vya zamani vya Waingereza. Usilazimishe za milimita. Tafuta mafundi wazee wa Land Rover za Series, hao wako nazo, au uchambue Gikomba kwa wauza spana mpaka uone zilizoandikwa BS au W (Whitworth). Kumbuka namba iliyo kwenye spana ya BSF ni unene wa bolti, sio upana wa kichwa cha nati, hapo ndio watu wengi wanachanganyikiwa.

kijana_wa_embakasi

Swali tu, hio ringi si mwage ATF (mafuta ya giaboksi otomatiki) na asetoni nusu kwa nusu, sisi kwa injini zilizoganda ndio tunatumia na inafungua.

ribiti_wilson

Kwa injini sawa. Hapa asetoni ikigusa perspeksi imeimaliza, na hata mvuke wake kwa kibanda kilichofungwa unaweza kuongeza nyufa. Atoe kwanza perspeksi zote hata zilizovunjika. Halafu mafuta ya kupenyeza, tone kwa tone, anaacha yaingie siku kadhaa, anajaribu kuzungusha kidogo kulia kidogo kushoto, bila nyundo. Mara nyingi sio beringi iliyoshika ni grisi ya zamani imekuwa gundi. Asukume kwa ringi yenyewe, asivute kwa fremu ya vioo, hio fremu haikutengenezwa kubeba nguvu hizo.

perspeksi_enterprise_road

Naingilia hapa kwa upande wangu. Tunafinyanga akriliki, ndio hio hio perspeksi, kwa ajili ya mabango na vioo vya boti.

USITUPE HIZO ZILIZOVUNJIKA. Hata kipande cha ukubwa wa kiganja kinakuambia unene, mkunjo na mahali matundu yalikuwa. Ziunganishe na selotepu upande wa nje, uchukue umbo lake kwa plasta. Zile nyufa ndogo za ndani haziondoki kwa kupolishi, polishi inatoa mikwaruzo ya juu tu, kwa hivyo kama kuna moja iko nzima lakini ni manjano ibaki hivyo hivyo na uichukue kama shahidi, zingine utengeneze mpya.

Kutengeneza: akriliki ya kumimina, sio ile rahisi ya kusukumwa na mashine, juu ile rahisi inapasuka ukiikunja. Tengeneza kifinyanzi cha mbao, ulainishe, ukivalishe kitambaa laini kama flana bila mshono. Karatasi ya akriliki ikaushwe kwanza kwa moto mdogo kama nyuzi 80 juu ikiwa imenyonya unyevu itatoa povu ndani. Halafu tanuri nyuzi kama 160, ikilegea unailaza juu ya kifinyanzi na glovu safi za pamba, unaibana pembeni, unaacha ipoe POLEPOLE, usifungue mlango wa karakana upepo uingie. Kata kubwa kuliko unavyohitaji, inapungua karibu asilimia 2 ikipata moto mara ya kwanza.

Matundu ya skrubu yawe makubwa kuliko skrubu. Kipande cha mita moja kinarefuka kama milimita moja na nusu joto likipanda nyuzi 20, na Nairobi ya Julai asubuhi ukilinganisha na kioo kilichokaa juani mchana Februari tofauti ni zaidi ya hapo. Ukikaza kama bati la gari itapasuka kutoka kwa tundu. Kusafisha ni maji na sabuni na kitambaa cha pamba, petroli hapana, dawa za vioo zenye amonia hapana.

ribiti_wilson

Niongeze hapo kwa vioo kabla hujakata kipande cha katikati, kile kilicho mbele ya uso wa mpiga bunduki. Wengi wao walikuwa wanakitoa kabisa. Usiku tone moja la mafuta au mkwaruzo kwenye perspeksi linafanana na ndege ya adui, kwa hivyo waliamua bora baridi kuliko kutoona, na baridi yenyewe ilikuwa inafika nyuzi 40 chini ya sifuri, wamevaa suti za kupashwa moto na umeme. Kwa hivyo chunguza fremu ya katikati. Ukikuta kingo zimekatwa na tupa kwa mkono halafu zikalainishwa, usizibe. Hio sio uharibifu, huyo ni mtu alikuwa anajitafutia uhai.

wa_othaya

Nimesoma yote na naheshimu ufundi wenu. Lakini nataka kuuliza kitu na sio kwa ubaya.

Shosho yangu alikuwa msichana Othaya wakati wa Hali ya Hatari. Mpaka alipofariki alikuwa anaeleza mlio wa ndege kubwa zikielekea Nyandarua na jinsi ardhi ilikuwa inatetemeka hata kama bomu limeanguka mbali. Zile ndege zilikuwa Lincoln, na Lincoln ni Lancaster iliyokuzwa, hata mwanzo iliitwa Lancaster IV. Zilikuwa zinaruka kutoka Eastleigh hapa hapa Nairobi, pale leo ni Moi Air Base, kati ya 1953 na 1955, zinamwaga mabomu kwenye misitu ya Aberdare, ndio hio Nyandarua, na Mlima Kenya ambako Mau Mau walikuwa. Lincoln moja ya kuonwa iko hadi leo, RF398, kwenye jumba la makumbusho la RAF, jeshi la anga la Uingereza, pale Cosford.

Sasa watoto wa shule wa Kenya watakuja Karen kuona tareti inang'aa inazunguka. Wataambiwa nini? Wataambiwa Ujerumani tu?

fundi_kariobangi

Wa_othaya asante sana na mimi hio habari ya Lincoln sikuijua kabisa. Nimempigia mzee simu jioni hii nikamsomea ulichoandika neno kwa neno. Alinyamaza kidogo halafu akasema niulize kama uko tayari kuandika maneno ya shosho yawekwe kando yake ukutani, kwa Kikuyu na Kiswahili. Mimi nimemwambia kwa maoni yangu bila hayo isiwekwe.

wa_othaya

Niko tayari. Nitaongea na mama kwanza juu hayo ni maneno ya nyumba nzima. Na muandike ukweli kwamba tareti yenyewe ni ya Lancaster kama ndivyo ilivyo, msiseme ilikuwa Nyandarua kama haikuwa. Lincoln ilikuwa na tareti za Boulton Paul mbele na nyuma, bunduki zake nene kuliko hizi. Uwongo hata wa kutuheshimu sisi hatuutaki.

mwl_historia_umoja

Hapa ndio nataka kusema neno, mimi nafundisha historia. Mzee anataka ing'ae kama jana, na mimi naomba mumkatalie hapo pia. Kuna ndege mbili za mabomu za aina moja, Halifax, ambazo kila nikifundisha kidato cha tatu jinsi vitu vya kale vinatunzwa huwa nazitaja. Moja, W1048, iliangushwa Aprili 1942 katika shambulio la Tirpitz, meli ya kivita ya Wajerumani, ikazama ziwa Hoklingen kule Norwei, ikatolewa 1973, na jumba la makumbusho la RAF pale London likaiacha na makovu yake yote. Nyingine, NA337, iliangushwa Aprili 1945, ikazama ziwa Mjøsa pia Norwei, ikatolewa 1995, Wakanada wakaijenga upya pale Trenton mpaka ikawa nzima. Na katika hio ya pili aliyepona ni mmoja peke yake, mpiga bunduki wa mkia.

Zote mbili zina maana kwangu, siwezi kusema walioijenga upya walikosea. Lakini hao walikuwa na michoro, na watu wengi, na miaka kumi. Karakana ya Kariobangi ina fundi mwenye roho safi na kitu kimoja ambacho sidhani kina nakala nyingine Kenya nzima, kwa hivyo mimi nasema anayeweza kurudisha nyuma kazi yake ndiye afanye. Kipande kipya kipigwe muhuri wa mwaka mahali pasipoonekana haraka, ili fundi wa miaka 50 ijayo asidhani ni cha 1943. Rangi ya zamani ikishika vizuri ibaki, pale imeisha uguse tu, usifunike yote.

Na watoto wapewe hesabu, hesabu ndio inawaingia. Browning moja ya 303, ndio bunduki zilizokaa zile nafasi nne, inatoa risasi 1,150 kwa dakika. FN20 ilikuwa na risasi 2,500 kwa kila bunduki, zikipita kwa reli ndefu kutoka katikati ya ndege mpaka mkiani. Gawanya uone, ni kama dakika mbili tu za kufyatua kwa safari ya saa nane. Muda wote uliobaki ni kijana wa miaka 20 anaangalia giza. Waliokufa wa Bomber Command, kikosi cha ndege za mabomu cha Uingereza, ni 55,573. Mtoto akishaketi mbele ya hicho kiti hutahitaji kumwambia vita ni mbaya.

kijana_wa_embakasi

Na kuzunguka je? Si aweke tu mota ya umeme ya geti chini, swichi moja kazi imeisha.

oili_na_sili

Mota ya geti itazungusha lakini itafuta kile kitu ambacho kinaitofautisha hio tareti na zingine. Mimi ni wa haidroliki, matingatinga na kreni. Tareti za Frazer-Nash zilikuwa za haidroliki tupu, na kwa Lancaster kila tareti ilikuwa na pampu yake kwenye injini yake, ili injini moja ikifa zisinyamaze zote. Boulton Paul wao waliweka mota ya umeme na pampu ndani ya tareti yenyewe, mtindo waliochukua kwa Wafaransa. Wamarekani wengine kama Martin wakaenda umeme mtupu. Ukiangalia mabomba yako yaliyokatwa unaona fikira za wale watu, kwa hivyo usiyatoe.

Kama mzee anasisitiza izunguke, fungua mota ya kuzungushia na silinda za kuinulia bunduki, badilisha sili zote, lakini kwanza ujue ni mafuta gani. Unajua vile mtu akiweka ATF kwenye breki raba zinavimba gari linashika breki barabarani, ndio hio hio. Raba za asili zinataka mafuta ya asili ya mbarika, mafuta ya madini, yaani oili ya kawaida, yanazivimbisha. Raba za kisasa za naitraili zinataka mafuta ya madini. Kwa hivyo weka sili mpya za naitraili zote, suuza mfumo mzima usiache hata tone la zamani, ndio ujaze mafuta ya madini. Usichanganye. Halafu pampu ndogo ya mezani, presha ya chini kabisa na vali ya kuachia presha, izunguke polepole. Hio kitu ikizunguka kwa nguvu yake kamili na mtoto ameweka mkono kati ya ringi na fremu inakata.

Mimi binafsi ningeiacha izungushwe kwa mkono na mtu mzima akiwa pale.

fundi_kariobangi

Nimewasikia wote na nimeshaongea na mzee. Mchanga wa presha umekufa. Rangi mpya yote pia imekufa. Kuzunguka tumekubaliana kwa mkono, mabomba yabaki na nitaziba midomo yake tu.

Leo nimetoa perspeksi za upande wa kushoto na kusafisha chini ya kile kipande cha fremu cha katikati. Ribiti_wilson, kingo zimekatwa na tupa. Zinaonekana kabisa, michirizi imelala upande mmoja kama mtu alikuwa anavuta kuelekea kwake akiwa amekaa ndani, halafu pembe mbili zimelainishwa na msasa zisimkate. Kioo hakikuvunjika hapo, kilitolewa. Na nyuma ya bati la kulia, chini ya rangi nyeusi, kuna herufi mbili na namba kwa penseli, sijui ni za kiwanda au za nani, nimepiga picha na kufunika na nailoni.

Swali moja limebaki. Kuna kidude cha mviringo kama saa, namba zake zimekuwa kahawia, kioo chake kimelegea. Nikifungue nisafishe?

ribiti_wilson

USIFUNGUE. Namba zilizokuwa za kung'aa usiku wakati ule zilipakwa rangi yenye radiamu. Kung'aa kumeisha lakini mnunurisho hauishi, nusu yake tu inachukua miaka 1,600. Hatari kubwa ni vumbi la hio rangi kuingia mdomoni au kwenye mapafu, na kioo kikilegea ndio linatoka. Kiweke kwenye mfuko wa plastiki mara mbili, funga, andika juu yake, weka mbali na mahali mnakaa, nawa mikono, na mzee awapigie KNRA, mamlaka ya serikali ya mambo ya nyuklia na mnunurisho, waje wapime. Hao ndio kazi yao.

Na bunduki, kama mzee ataanza kuwaza kuagiza mitutu ya kujazia zile nafasi nne, mwambie asiagize hata kipande bila ruhusa ya Firearms Licensing Board, bodi ya leseni za bunduki. Wewe unayo lethi, kereza mabomba ya aluminiamu yenye urefu sawa, yatoshe.

Hizo kingo usiziguse na kitu chochote zaidi ya brashi laini. Nitumie picha zake, na ya zile herufi za penseli ukiwa umeweka rula kando. Jumamosi mchana niko huru, nitapita hapo na spana zangu za BSF, usianze hio ringi kabla sijafika.